Watu wa Insia Walipofika Msibani Kawetele

Simu ilinikuta shambani kwetu Ikuti, nikipunguza majani makavu ya migomba, mvua inataka kuanza. Mtu wa upande wa pili aliniambia kwa sauti ya kiofisi kwamba nimeteuliwa kuwa mratibu wa insia wa wilaya yetu ya Rungwe. Mimi nikasikia mratibu wa hisia. Nikamjibu nashukuru, nimepokea, kisha nikabaki nimesimama na panga mkononi nikijiuliza ni hisia za nani hizo zinazotaka kuratibiwa, na kwa nini mimi, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu.

Jioni niliporudi Makandana, Tukuyu mjini tunakoishi, nilimweleza mume wangu. Yeye kabla ya kustaafu alikuwa mtaalamu wa chai, mtu wa kupima udongo na kupima mvua.

"Hisia?" akauliza.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Waulize vizuri, mama. Usije ukaenda kuratibu vitu vya watu."

Kesho yake akaja binti kutoka makao makuu ya kampeni, Dar es Salaam. Alikuwa na shahada ya pili ya fasihi, maboksi ya fulana na kofia, na kikoti chembamba kisichofaa kitu kwa baridi ya Tukuyu. Nikamvika sweta langu, nikampa chai, ndipo akanieleza. Insia, alisema, ni yale masomo yanayomtazama binadamu: historia, lugha, fasihi, falsafa, dini, sanaa. Vijana wanayakimbia, wazazi wanayadharau, na sasa imeanzishwa kampeni ya kitaifa ya kuwaelimisha wananchi umuhimu wake.

"Kumbe ni mchepuo wa sanaa," nikasema.

"Ni zaidi ya hapo, mama."

"Zaidi kwa vipi?"

Akafungua mdomo, akaufunga, akanywa chai. "Tutaelewana tu tukiwa kazini," akasema.

Masomo hayo niliyafundisha maisha yangu yote ya kazi, Historia na Kiswahili. Niliingia darasani nikiyapenda na nikatoka nikiyapenda. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu aliyeniuliza yana faida gani nami nikamjibu jibu lililoniridhisha mimi mwenyewe. Wazazi wa huku kwetu waliyaita masomo ya waliofeli hesabu, na mimi nilizoea kucheka pamoja nao, yaishe. Sasa nilikuwa nimevaa fulana mbele imeandikwa INSIA NI UHAI WA TAIFA, na nilitakiwa kuijaza maana.

Tulianzia palepale Makandana, jirani na hospitali, kwa kuwa watu hawakosekani. Wa tatu wetu alikuwa fundi cherehani mmoja wa mjini, ambaye babu zake walikuja kutoka Kilwa na kufungua duka la vitambaa. Ana pikapu yenye spika kubwa anayoikodisha kwa harusi na mikutano. Tulimpa maneno ya kutangaza, naye akayatangaza, ila aliongeza ya kwake.

"Wananchi wa Makandana, insia imewafikia! Insia ni uhai wa taifa! Njooni mpate insia, bure kabisa!"

Watu wakaja, tena kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Nilianza kufurahi, mpaka nilipoona kwamba karibu wote ni akina mama na kila mmoja amebeba mtoto mgongoni. Wakajipanga foleni wenyewe. Aliyekuwa mbele, niliyewahi kumfundisha, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu. Wanachomwa begani au pajani?"

"Marahaba. Wanachomwa nini, mwanangu?"

"Si hiyo insia."

Binti wa kampeni akachukua kipaza sauti kurekebisha mambo. Alisema insia si chanjo. Alisema insia ni fikra tunduizi, ni utambuzi wa nafsi ya mwanadamu katika muktadha wake wa kijamii. Akina mama walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakitikisa watoto. Alipomaliza, yule wa mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo watoto tuwarudishe?"

Fundi aliona tunazama, akataka kutuokoa. "Jamani, neno ni rahisi!" akasema kwenye spika. "Insi maana yake ni mwanadamu. Mungu kaumba insi, kaumba na majini. Hawa wenzetu wanashughulika na insi!"

Maelezo yale yalieleweka mara moja. Kabla ya saa kumi habari ilikuwa imefika sokoni kwamba kuna watu kutoka Dar wanaopima nani ni mtu na nani ni jini. Muuza viazi mmoja alinifuata hadi nyumbani kwangu, akaniomba nifike kwake, maana kuna vyombo vinajisogeza. Nilimwambia hatufanyi kazi hiyo. Aliniangalia kama mtu anayejua kabisa kwamba ananyimwa, akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Ikuti tulinusurika kidogo kwa sababu wengi wananijua, ni nyumbani kwetu. Hakuna aliyeuliza chanjo. Ila nilipomaliza kusema, kijana mmoja wa bodaboda alinyoosha mkono akiwa amekaa juu ya pikipiki yake. Nilimfahamu. Nilimfundisha, na alikuwa mzuri sana katika Historia, wale wa kukusahihisha mwalimu kwa adabu.

"Madam," alisema, "mimi nina digrii ya hiki mnachokitangaza. Nimerudi mwaka wa ngapi huu, napakia ndizi na abiria. Sikusemi vibaya, unanijua. Nauliza tu, mimi mnanitangazia nini?"

Watu wakageuka wote kunitazama. Binti wa kampeni akanitazama. Nilisema kitu kuhusu kujitambua, na nilipokuwa nakisema nilijisikia kama ninamsomea tangazo la redio. Alishukuru. Aliwasha pikipiki akaondoka, na mkutano ukaisha wenyewe.

Usiku ule sikula vizuri. Mume wangu aliniuliza, "Leo mmetangaza nini?" Nikamwambia sijui, na haikuwa mzaha.

Halafu ikaja siku ya Kawetele.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametuahidi kwamba watu watakuwepo, na kweli tulipokaribia tuliona watu wengi wamekusanyika kwenye uwanja wa nyumba moja kando ya barabara. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Fundi akaongeza sauti. "Wananchi wa Kawetele, insia ni uhai! Insia ni uhai wa taifa!" Ndipo tukakata kona na kuona turubai la buluu, wanawake wamekaa chini wamejifunga vitenge kichwani, na jeneza juu ya meza. Fundi alizima spika, lakini neno uhai lilikuwa limeshatoka, na nililisikia likienda kugonga upande wa pili wa bonde.

Tulishuka. Nilitaka tuombe radhi, tutoe pole, tuondoke. Mzee wa kanisa mmoja akatujia, mrefu, amevaa koti la mvua. Hakunitazama usoni. Alikuwa anasoma bango lililofungwa ubavuni mwa pikapu, kidole chake kikifuata maneno: HISTORIA, LUGHA, FALSAFA.

"Mmetumwa na selikali?" akauliza.

"Ni kampeni ya kitaifa, mzee, lakini tumekosea mahali, mtuwie…"

"Mmeandika hapa histolia."

"Ndiyo."

"Basi Mungu amewaleta. Sisi hapa tumekwama kwenye histolia."

Huku kwetu, kama kwingine, kabla mchungaji hajahubiri na mwili haujaenda kaburini, husomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma, alifanya kazi, alioa, aliugua. Marehemu huyu alikuwa mzee sana, na ujanani alifanya kazi Zambia kwenye migodi ya shaba, kama wanaume wengi wa kizazi chake. Wanawe walikuwa wameshauandaa wasifu. Kisha siku iliyotangulia, mchana, akashuka mwanamke mtu mzima kwenye gari linalotoka Tunduma, akasema yeye ni mtoto wa yule mzee, alizaliwa kule. Tangu hapo hakuna kilichosogea. Mchungaji alikuwa anangoja, kwaya inangoja, na mvua inakuja.

Walinichukua nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Binti wa kampeni akanifuata, ameshika sweta kifuani. Alikuwepo mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mwanamume mwenye mvi. Alikuwepo baba yao mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu. Na yule mgeni alikuwa amekaa juu ya gogo, peke yake.

"Mwalimu," mtoto wa kwanza akaanza, "sisi tumeandika yale aliyotuambia baba mwenyewe. Alikwenda, alifanya kazi, alirudi, akamwoa mama. Zambia kwetu ni sentensi moja. Sasa huyu dada anataka tuandike maisha mengine."

"Mimi sitaki shamba," mgeni akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kinachechemea lakini kinafika. "Sitaki nyumba, sitaki kitu. Nataka mama yangu atajwe. Alimngoja mpaka akafa."

"Uthibitisho uko wapi?" baba mdogo akamkatisha.

Mgeni aliinuka, akavua kitambaa kichwani, akamgeukia. Mimi marehemu sikumjua akiwa hai, lakini nilimwona mtoto wa kwanza amesimama pale na mgeni amesimama pale, na paji la uso lilikuwa moja. Baba mdogo alitazama, kisha akatazama chini.

"Haya, mwalimu," akasema kwa hasira, "amueni."

"Mimi si hakimu, baba."

"Si mmeandika histolia kwenye gari?"

Nilikuwa nimefundisha vidato vyote habari za vyanzo vya historia. Masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba vyanzo vikipingana, vipimeni. Sikuwahi kuwaambia, kwa sababu sikuwahi kufikiri, mtu afanye nini chanzo kinapokuwa kimesimama mbele yake kinalia, na kingine kimelala ndani ya jeneza, na cha tatu kina mvi na hakitaki kuamini kwamba baba yake alimficha jambo. Binti aliniambia sikioni, "Mama, tuondoke. Hii haipo kwenye mwongozo." Alikuwa na haki. Sijui kwa nini sikumsikiliza.

Nikaomba nimwone mjane.

Alikuwa ndani, amekaa mkekani katikati ya wanawake, bibi mdogo wa umbo, mikono imekunjwa mapajani. Nilipiga magoti, nikampa pole kwa Kinyakyusa, nikamweleza kwamba wanaume wamenitwika kitu nisichokijua. Nikamuuliza kama habari za Zambia anazijua.

Alikunjua mikono, akaikunja upya.

"Yule wa Zambia mimi sikuishi naye," akasema. "Aliyerudi ndiye niliyeishi naye. Alikuwa mtu asiyeongea. Kama mnazika wawili, someni wawili."

"Bibi, una maana nitaje au nisitaje?"

"Nimeshasema."

Wanawake waliomzunguka waliitikia kwa koo, kama watu walioelewa. Mimi sikuelewa, na hadi leo ninapoandika sina hakika. Huenda alikuwa ananiruhusu. Huenda alikuwa anasema kwamba yule mwingine hamhusu, tumzike tunavyotaka. Nilitoka nje nikakuta watu wote wamenigeukia, na mzee wa kanisa tayari ametangaza kwamba mwalimu kutoka kampeni ya taifa atasoma wasifu.

Nilisimama karibu na jeneza bila karatasi. Nilisema marehemu alizaliwa hapahapa Kawetele, akabatizwa akiwa mtoto. Nilisema alikwenda Zambia akiwa kijana, akachimba shaba. Nilisema, "Kule, kwa jinsi tunavyosimuliwa na binti yake aliye hapa pamoja nasi, aliishi na mwanamke, wakapata mtoto. Mwanamke huyo alimngoja, na amekwisha kufariki." Nikataja jina la mama yule, kama nilivyoambiwa kwenye migomba. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikaendelea: "Huku nyumbani, kwa jinsi tunavyosimuliwa na mke wake na watoto wake, alirudi, akaoa, akalima chai na migomba, akawasomesha. Hakuwasimulia sana. Kwa nini hakusimulia, sisi tulio hapa hatujui, na mimi sitasema nisichokijua."

Nikakaa. Baba mdogo aliinuka, akapita katikati ya watu, akashuka zake upande wa shamba la chai hadi ukungu ukamfunika. Yule mgeni alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Kwaya walianza kuimba kabla ya wakati wao, nadhani kwa hofu, na mchungaji akawaacha waimbe.

Mjane hakumtazama mgeni hata mara moja, wala kaburini. Lakini wakati wa kula nilimwona akimtuma mjukuu ampelekee sahani ya mbalaga, ndizi zetu zile za kupikwa na maharage. Mjukuu alipofika mlangoni bibi akamwita arudi, akaongeza maharage, ndipo akamwachia aende.

Tulipokuwa tunaaga, mtoto wa kwanza alitusindikiza mpaka kwenye pikapu. Alinishika mkono akaung'ang'ania.

"Mwalimu, umetuharibia au umetutengenezea, mimi sijui."

"Hata mimi sijui, kaka."

"Ndaga," akasema. Ahsante. Kisha akarudi kwa watu wake.

Njiani fundi hakuwasha spika. Binti wa kampeni alilia taratibu kwa muda, akajifuta kwa mkono wa sweta langu, akaniuliza, "Mama, leo tumehamasisha?" Nilimwambia amwulize fundi. Fundi akasema yeye ni wa harusi tu.

Nilidhani mambo yamekwisha pale. Badala yake simu zikaanza. Familia moja ya huko chini ilitaka watu wa insia waje kumsemea babu yao. Nyingine ilitaka tuje haraka, maana ndugu wawili wanagombania nani alimuuguza mama. Fundi aliniambia wateja dukani kwake sasa wanajua kabisa insia ni nini: ni wale wanaokuja msibani kusema ukweli nusu kwa nusu. Nilikwenda mara moja moja, nilipoombwa na watu ninaowafahamu. Kuna mahali nilisaidia. Kuna mahali niliuliza maswali yangu na familia ikagombana upya, tukamzika mama wa watu kukiwa na kelele, nami nikarudi nyumbani nikiapa kwamba siendi tena.

Kampeni ilifungwa kwa mkutano mkubwa mjini Mbeya, ukumbini, na maji ya chupa. Mratibu wa kila wilaya aliombwa aseme kwa kifupi wananchi wake sasa wanaielewaje insia. Wenzangu walisema vizuri, kwa mpangilio. Nilipofikiwa mimi nilisimama, nikaanza kueleza habari za foleni ya akina mama, watu wakacheka, nikafika kwenye jeneza, wakanyamaza, na hapo nikapotea. Mwenyekiti alinisaidia. "Kwa hiyo mwitikio Rungwe ulikuwa mkubwa?" Nikasema ndiyo, ulikuwa mkubwa. Wakapiga makofi. Binti wangu wa kampeni alikuwa meza ya mbele, alipiga makofi pia, lakini aliinamisha kichwa.

Baada ya miezi kadhaa yule mtoto wa kwanza alikuja nyumbani kwangu Makandana, amevaa viatu vilivyosuguliwa vizuri. Alikuwa ametoka Zambia. Alimfuata dada yake, akalala kwake, akapelekwa kwenye kaburi la yule mama, akakutana na wazee wachache waliofanya kazi na baba yake.

"Kule baba alikuwa na jina lingine," aliniambia, kikombe cha chai mkononi bado hajainywa. "Na walikuwa wanamngoja jioni aje awachekeshe. Wanasema hakuna aliyemshinda kwa maneno. Mwalimu, baba yangu mimi? Mtu aliyekuwa anamaliza chakula bila kusema hata neno moja?"

Mume wangu, ambaye huwa haingilii, alisema udongo mmoja ukiuhamisha unaweza kukupa chai tofauti. Mgeni wetu alilifikiria jambo hilo kwa adabu, lakini niliona halikumtosha. Mimi pia halikunitosha.

Kilichomleta hasa ni kaburi. Walikuwa wanalijengea, na fundi mwashi anataka kujua aandike jina lipi kwenye jiwe la saruji. Dada yake anataka majina yote mawili. Baba mdogo, ambaye sasa anasalimiana na yule dada kwa simu, anasema jina la Zambia lisikanyage hapa. Mama yao ukimuuliza anasema ameshasema.

"Wewe unataka lipi?" nikamuuliza.

"Mimi? Nataka nimwulize yeye mwenyewe."

Nje ilikuwa inanyesha ile mvua yetu isiyo na haraka. Nilimwambia sina jibu, akasema alijua sina, alitaka tu kulizungumza na mtu. Akanywa chai yake ikiwa imepoa, akaniomba mwavuli.

Jiwe la kaburi bado liko tupu. Mwashi alilisawazisha vizuri, akasema atarudi kuandika mvua ikikatika, na Tukuyu mvua haikatiki upesi.